Watoto wangu baba mmoja mama mmoja lakini hawafanani kabisa, nimwelezeje mume wangu?

MamaWatatu: Wakuu naombeni ushauri. Nina watoto watatu, baba yao ni mmoja. Wa kwanza kachukua sura ya baba yake mpaka vidole vya miguu, wa pili ni mama yangu mtupu, sasa huyu wa tatu hajafanana na yeyote, watu wameshaanza maneno na juzi mume wangu kaniuliza kwa upole tu "hivi inakuwaje?" nikakosa jibu nikabaki kulia.

MwalimuBaio: Pole sana dada. Anzia hapa, seli zetu zina kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba tabia za kurithi, 46 ambazo ni jozi 23, kila jozi moja ya baba moja ya mama. Mwili ukitengeneza mbegu au yai unatoa moja tu kwa kila jozi, na jozi hii haifuati ile imetoa ipi. Chukua 2 uizidishe kwa 2 mpaka zitimie 2 ishirini na tatu, unapata michanganyiko zaidi ya milioni 8 kwa mumeo peke yake, na wewe milioni 8 zako. Ajabu ni pale watoto wanapofanana!

Kinasaba: Na hapo bado mwalimu, maana kromosomu hazitoki zilivyoingia. Kwenye meiosisi, yaani seli inapogawanyika kutengeneza mbegu au yai, kabla hazijaachana zinalala ubavu kwa ubavu zinabadilishana vipande, kwa hiyo anayopewa mtoto ina kipande cha babu na kipande cha bibi. Tena kwa mwanamke kubadilishana huko kunafanyika kabla hajazaliwa, yaani dada, mayai yaliyoleta hao watoto yalichanganywa wewe ukiwa tumboni kwa mama yako. Mimi hilo huwa linanigusa sana.

MamaWatatu: Mungu awabariki. Ila akiniuliza mbona kuna mapacha wanafanana kila kitu?

MwalimuBaio: Hao ni yai moja na mbegu moja, likagawanyika baada ya kurutubishwa. Mapacha wa mayai mawili wanatofautiana kama ndugu wengine tu.

Shangazi_K: Mwanangu mwelezee usiku mkiwa wawili, usimsomeshe mbele za watu. Tafuteni na picha za wazee wa pande zote mbili, kuna sura inaruka kizazi. Akibaki na wasiwasi kubali kipimo cha DNA bila hasira, wewe huna cha kuficha.

MamaWatatu: Nitaongea naye leo shangazi.