Nataka kumpeleka mama kwenye duka la kale na mgahawa wa chai kijijini Lacock

Binti wa Muheza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Naishi Swindon, huu ni mwaka wa sita. Mama yangu amekuja kunitembelea, ana miaka 71, na mwisho wa mwezi anarudi nyumbani. London nimeshampeleka. Aliutazama mto, akalitazama kasri, akasema pazuri, kisha akaniuliza, "Na watu wa kawaida wanakaa wapi?" Swali hilo halijanitoka kichwani.

Mama alikuwa na kibanda chake Muheza, kwenye njia ya kupandia Amani. Mbele duka: sukari ya kupima, mafuta ya taa, sabuni ya mche, viberiti. Nyuma meza tatu na mabenchi, na birika halikuondoka motoni tangu alfajiri. Wachuma chai wakishuka na mishahara yao walianzia pale. Mimi nimekulia chini ya kaunta ile, usingizi wangu wa mchana ulikuwa juu ya magunia ya unga. Ndiyo maana nataka aone duka la kijijini la Waingereza, la zamani kweli, na mahali pao pa kunywea chai. Nimesikia habari za Lacock, karibu na Chippenham.

Naombeni msaada. Magoti yanamsumbua, je, kuna kutembea sana? Tukiagiza chai peke yake ni vibaya? Ile chai ya saa kumi yenye vimkate na malai huliwaje? Sitaki mama aone haya mbele za watu. Na sisi ni Waislamu, kuna cha kujihadhari nacho? Siku yangu ya mapumziko ni Jumapili.

Baba Tausi:

Marahaba mwanangu, na mama mpe shikamoo yangu.

Niko Chippenham tangu 2005, na Lacock nimepeleka wageni mara nyingi. Kwanza hiyo Jumapili: kama unaweza kubadilishana zamu na mwenzio, badilisha. Mabasi ya vijijini huku si daladala, Jumapili ni haba kabisa. Siku ya kazi mtashuka treni Chippenham, mtapanda basi, kilomita tano tu mmefika. Nendeni asubuhi, maana migahawa ya chai mingi hufunga saa kumi au saa kumi na moja jioni.

Kijiji ni mitaa minne tu, hata magoti ya mama yatakimaliza polepole. Nyumba karibu zote ni mali ya National Trust, shirika linalotunza majengo na mashamba ya kale. Bibi aliyekuwa mrithi wa kijiji hicho, Matilda Talbot, alilikabidhi shirika kijiji kizima mwaka 1944. Ndiyo maana hamtaona nyaya za umeme zikipita juu wala antena za televisheni mapaani. Lakini mle wanaishi watu, wamepanga, wanalipa kodi. Mlango unaweza kuudhania wa duka kumbe ni sebule ya mtu, kwa hiyo someni kibao kwanza. Na ndani ya nyumba zile milango ni mifupi na sakafu zimepindapinda, ombeni meza ya ghorofa ya chini.

Mwonyeshe mama ghala la zaka, la karne ya 14, ambamo wakulima walileta fungu la mavuno yao kwa masista wa abasia iliyoanzishwa 1232. Pembeni yake kuna kijumba cha mawe chenye kuba, hicho kilikuwa mahabusu ya kijiji. Na kwenye baa ya George kuna gurudumu la mbao ukutani: mbwa aliwekwa ndani akimbie, ili nyama igeuke motoni. Baa si mahali penu, najua, ila mhudumu akiombwa hukataa mara chache kumwonyesha mgeni.

Sasa duka. Hapa nisikilize vizuri. Maduka ya Lacock ni mazuri lakini yanaishi kwa wageni: mishumaa, sabuni za maua, jamu zenye utepe. Duka ambalo mama yako atalielewa liko kwenye vijiji visivyo na watalii. Miaka ya sitini nchi hii ilikuwa na ofisi za posta kama 25,000, leo hazizidi sana 11,500. Posta ya kijijini ikifungwa, duka lililokuwa nayo hufa nyuma yake, na mzee asiye na gari anabaki hana pa kununua mkate. Mamia ya vijiji vimekataa. Watu wamechanga, kila mmoja akanunua hisa yake, wakalichukua duka likawa lao. Kuna taasisi inaitwa Plunkett, ipo tangu 1919, kazi yake ni kuwashika mkono watu kama hao.

Mke wangu anajitolea kwenye duka moja la namna hiyo kila Jumatano, si mbali na hapa. Nyumba ni ya zamani, kaunta ya posta iko kwenye kona, na dirishani kuna meza mbili za chai. Mzee anakuja kununua stempu moja anakaa saa nzima, hakuna anayemwondoa. Nitumie ujumbe nikuelekeze. Mpelekeni mama Lacock akanywe chai, halafu mleteni huku alione duka.

Chai ya Kericho:

Dadangu, niko Reading. Hivyo vimkate vinaitwa *scones*. Usichanganye na skonzi zetu za Nairobi zinazoumuliwa kwa hamira, hivi vya huku vinavimbishwa kwa baking powder na ukivigusa vinapukutika. Unakata katikati kwa kisu, unapaka jamu na malai mazito, unakula kwa mkono. Watu wa Devon huanza na malai, wa Cornwall huanza na jamu, na wanagombania jambo hilo kweli kweli. Wiltshire, mkoa iliko Lacock, si upande wowote, kwa hivyo mama apake apendavyo. Kuagiza chai tupu si kosa hata kidogo.

Na umwambie hivi: nchi inayoiuzia Uingereza chai nyingi zaidi ni Kenya, inanunuliwa kwenye mnada wa Mombasa. Kwa hivyo akae pale kama mwenyeji.

Ukwaju:

Kuhusu halali: scones ni unga, siagi, maziwa, na pengine zabibu kavu, hazina neno. Ulizia keki ya matunda, wengi huilowesha pombe. Peremende laini huwa na jelatini. Sandwichi, uliza kabla hujaagiza, ham, yaani nyama ya nguruwe, hutiwa hata pale usipoitegemea. Na maziwa huletwa baridi. Kama mama ni mtu wa chai ya kupikwa pamoja na maziwa na tangawizi, mwambie mapema, asije akadhani wamemdharau.

Binti wa Muheza:

Nimerudi, wapendwa. Tulikwenda Jumatano, mwenzangu alinishikia zamu. Mungu amlipe.

Lacock mama alitembea yote, mkono wake begani kwangu. Kwenye ghala la zaka alisimama muda mrefu akitazama mbao za paa, akauliza fungu la mavuno lilikuwa moja katika ngapi. Nikamwambia moja katika kumi. Akatikisa kichwa, hakusema kitu.

Chai ililetwa katika buli lililovishwa kofia ya sufu. Mama alifurahi, akasema na wao wana kawa yao. Akafunua kifuniko, akanusa. Kisha akachukua majani yaliyobaki kwenye chujio, akayasugua kwa kidole gumba na cha shahada, akaninyooshea. "Punjepunje. Hii imekatwa kwa mashine kama ya kwetu. Lakini aliyeichuma alichuma vizuri, majani mawili na chipukizi, hamna vijiti." Maziwa ya moto tuliomba, tukaletewa bila nongwa. Alikunywa vikombe vitatu.

Halafu dukani kwa mke wa Baba Tausi. Asante sana mama yetu kwa mapokezi. Mama hakukaa. Alizunguka rafu, akagusa mzani wa zamani ulio juu ya kaunta, akasoma bei, akanituma niulize sukari wanainunua kwa nani na inakaa siku ngapi. Nikamtafsiria ile orodha ya zamu ukutani, majina ya watu wanaouza bila mshahara. Akasema mwaka 1976, Operesheni Maduka ya serikali ilipokuja, yeye aliwekwa kuuza duka la kijiji. Alikuwa na miaka 22. Maduka ya watu yakafungwa, lao likafunguliwa, na miezi michache baadaye rafu zilikuwa tupu naye ndiye aliyetukanwa. Habari hiyo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. "Sisi tuliambiwa ni letu," akasema. "Hawa walitoa fedha mfukoni?" Nikamwambia ndiyo. Akaniambia niulize tena, nikauliza tena, wakamwonyesha cheti cha hisa kilichotiwa fremu.

Tulipoaga, mama akaona sabuni zimekaa ovyo. Akaanza kuzipanga, maandishi yote yakitazama mbele, za nyuma akizivuta zije ukingoni. Mzee mmoja wa zamu akamwona, akamsogezea kiti cha kupumzishia magoti na boksi la sabuni ambazo hazijapangwa. Basi letu likapita. Lililofuata lilikuwa la baada ya saa nzima, na mama alipomaliza sabuni akahamia kwenye makopo ya maharage.