Tupeane uzoefu: ulijuaje bei halisi ya noti zako za zamani za Kanada?

Mrithi wa Edmonton

Ndugu zangu, salaam. Marehemu baba yangu, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Kampala, alishuka Montréal mwaka 1972 pamoja na maelfu ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin. Tangu mshahara wake wa kwanza hadi alipostaafu, kila aina ya noti ya Kanada iliyopita mkononi mwake aliihifadhi moja ndani ya daftari la hesabu. Sasa daftari hilo liko kwangu, lina noti 31, na ndugu zangu wawili wanataka tugawane kwa haki.

Nilizipeleka kwa mfanyabiashara mmoja wa sarafu na noti, akanitajia bei ya jumla bila kuzitazama moja moja. Nilipotafuta mtandaoni nilizidi kuchanganyikiwa, kwa sababu noti ya dola 1 ya mwaka 1954 niliikuta ikiuzwa kwa dola 15 mahali pamoja na kwa dola 300 mahali pengine. Naomba kila aliyewahi kupita njia hii aeleze alikuwa na noti gani, hali yake ilikuwaje, bei aliipata wapi, na hatimaye alilipwa kiasi gani.

Mzee wa Hamilton

Pole kwa msiba, mwanangu. Hizo dola 300 ni bei iliyoombwa, na mwenye kuuza ana uhuru wa kuomba chochote. Mimi nilikaa miezi minane na noti yangu ya 1954 nikisubiri bei ya namna hiyo, mpaka mkusanyaji mmoja aliponionyesha namna ya kuchuja matangazo ili nione mauzo yaliyokamilika peke yake, yaani noti ambazo mtu alitoa fedha akazichukua. Niliandika mauzo kumi ya karibuni ya noti iliyofanana na yangu, nikaacha ile ya juu kabisa na ile ya chini kabisa, na zile nane zilizobaki zilikaribiana sana. Niliuza kwa dola 18.

Neno "iliyofanana" ndilo lililonisumbua zaidi. Noti za mwanzo za 1954 zina kile ambacho wakusanyaji hukiita uso wa shetani, kwa kuwa mwanga uliochorwa kwenye nywele za Malkia Elizabeth, nyuma ya sikio, ulionekana kama uso unaokenua meno. Watu walilalamika, na kuanzia mwaka 1956 mabamba ya kuchapia yalirekebishwa, nywele zikatiwa giza. Zile za mwanzo ndizo zinazotafutwa zaidi. Lakini usitegemee saini peke yake: saini za Coyne na Towers, wakuu wa Benki Kuu ya Kanada wa wakati ule, zipo kwenye noti za mwanzo tu, ilhali saini za Beattie na Coyne, waliowafuatia, zipo kwenye noti za mwanzo na pia kwenye zilizorekebishwa. Chukua kioo cha kukuzia uzitazame nywele zenyewe.

Kuhusu yule mfanyabiashara, simtetei kwa kutokuzitazama noti, ila ujue kwamba dukani utapewa pungufu ya bei ya soko hata akiwa mwaminifu, kwa sababu analipa kodi ya pango na huenda noti hiyo ikakaa kwake mwaka mzima kabla ya kupata mnunuzi.

Dada wa Calgary

Shikamoo Mzee. Naongeza suala la hali ya noti, kwa kuwa ndilo lililonitia hasara. Nilikuwa na noti ya dola 10 ya mwaka 1971 ambayo haikuwahi kutumika ila ilikuwa na mkunjo mmoja hafifu katikati. Nilidhani naitendea wema nilipoinyoosha kwa pasi yenye joto dogo juu ya kitambaa. Nilipoituma kwa kampuni inayopima noti na kuzifunga kwenye bahasha ngumu ya plastiki yenye alama, ilirudi na maelezo kwamba imewahi kunyooshwa, na mnunuzi niliyekuwa naye akajitoa. Ningeiacha na mkunjo wake ningepata zaidi, kwani mkusanyaji anathamini karatasi ambayo haijaguswa tangu itoke mtamboni.

Kampuni hizo hutumia kipimo kinachoishia 70, na noti mbili zinazoonekana sawa kwa macho ya kawaida zinaweza kutofautiana bei mara mbili au tatu kwa sababu ya alama chache. Kwa hiyo, Mrithi, usiilinganishe noti ya daftarini na noti iliyokwisha kupimwa. Izungushe polepole chini ya taa, uhesabu mikunjo, utazame pembe kama zimeviringika, kisha ujipe alama kwa ukali kuliko moyo unavyotaka.

Msomaji wa Winnipeg

Noti za dola 1 za mwaka 1967, zile za miaka mia ya Kanada, nilikuwa nazo 14. Zilihifadhiwa na watu wengi mno. Zilizochakaa nilizitumia kwa thamani yake ile ile kabla ya mwaka 2021, ambapo noti za dola 1, 2, 25, 500 na 1,000 ziliondolewa kwenye malipo halali. Benki Kuu ya Kanada bado inazikomboa kwa thamani iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba zimekufa.

Mkaazi wa Gatineau

Mama yangu alimtunza bibi mmoja wa Québec kwa miaka mingi, naye akamwachia noti ya dola 1 ya mwaka 1935 iliyoandikwa Kifaransa. Katika toleo hilo, ambalo ni la kwanza la Benki Kuu, noti za Kiingereza zilichapishwa peke yake na za Kifaransa peke yake, na za Kifaransa zilikuwa chache zaidi. Nusura niikadirie vibaya, kwa kuwa niliazima katalogi ya Charlton, kile kitabu cha bei za noti za Kanada, ya miaka kumi iliyopita, nikasoma safu ya noti za Kiingereza. Baadaye nilitazama matokeo ya minada, nikafurahi kupita kiasi, kabla ya kugundua kwamba mnada mmoja ulikuwa wa Marekani na bei zake ni dola za huko, na kwamba kiasi kilichoonyeshwa kilijumuisha kamisheni ya mnunuzi, ambayo huenda kwa wenye mnada, si kwa muuzaji. Nilipoondoa hayo yote, bei ilikaribiana na katalogi mpya, nami nikaipeleka mnadani kwa utulivu.

Mrithi wa Edmonton

Ahsanteni sana. Wiki hii nimezipanga upya: noti 22 ni za kawaida, na sisi ndugu tumekubaliana kuzigawana bila kuziuza. Nane nimezipatia mauzo ya karibuni ya kutosha. Moja imenishinda, nayo ni dola 2 ya 1954, nywele zimekwisha kutiwa giza, saini za Beattie na Rasminsky, ina kinyota mbele ya herufi za namba yake, maana yake ilichapishwa kuziba pengo la noti iliyoharibika mtamboni. Ina mkunjo mmoja katikati na pembe zake ni kali. Mwenye kumbukumbu ya mauzo ya noti ya namna hiyo ndani ya miaka miwili hii, tafadhali aandike tarehe, kiasi kilicholipwa na kama kamisheni imo.