Nimefiwa na ubao mama, na wale jamaa wamenipa hongera

Wadau, salamu zitakuja baadaye. Wale jamaa wa Microsoft, ambao nyote mnawafahamu, wamenijibu sasa hivi kwamba leseni ya mfumo endeshi wa Windows iliyokuja na kompyuta yangu ya zamani haiwezi kuhamia kwenye hii niliyoiunda mwenyewe, kisha wakamalizia kwa maneno "Hongera kwa kompyuta yako mpya!" Hongera! Ubao mama wa zamani, yaani ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote vya kompyuta, umekufa, na wala sikuomba kutumia leseni moja katika mashine mbili. Hata hivyo naambiwa kuwa leseni ya kiwandani hufungamana na ubao wa kwanza hadi kiama, ilhali aliyenunua ya dukani, yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25 zile zile, huihamisha atakapo. Ningebadilisha diski, kumbukumbu na kadi ya picha, wasingekohoa. Nimegusa ubao, nikapongezwa msibani.

Nyaya_Tupu: Pole, mkuu. Katika kompyuta nyingi za kiwandani za tangu mwaka 2012, ufunguo huhifadhiwa ndani ya ubao wenyewe, kwa hiyo marehemu ameondoka nao. Matanga ni lini?

Mlalamikaji: Cheka tu. Mtengenezaji akiubadilisha ubao ulioharibika, leseni huendelea kuishi. Nikiubadilisha mimi, hongera!

Kasha_Wazi: Masharti uliyakubali bila kuyasoma, kama sisi sote. Kelele za nini?

Wakili_wa_Kibodi: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2012 kwamba aliyeuziwa nakala ya programu kwa matumizi yasiyo na ukomo wa muda anaweza kuiuza tena hata kama mkataba unakataza, mradi nakala yake mwenyewe aifanye isitumike.

Mlalamikaji: Mahakama inazungumzia haki, wao wananiandikia hongera yenye alama ya mshangao.

Pengwini: Afadhali wewe uliitumia hiyo leseni. Mimi natumia Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, na karibu kila kompyuta ya mkononi ninayonunua huja na leseni nisiyoitaka, ambayo gharama yake imo ndani ya bei. Nikidai fedha zangu, muuzaji hunielekeza kwa mtengenezaji, naye mtengenezaji hunirudisha kwa muuzaji.

Nyaya_Tupu: Watu wa Linux mmeshafika? Uzi umekwisha.

Kasha_Wazi: Pengwini, hebu eleza vizuri, ulimdai muuzaji kabla ya kuwasha kompyuta au baada ya kubofya "Nakubali"?