Kukwapuliwa simu na wezi wa pikipiki Kariakoo: atembeeje?

mdau_ilala: Wakuu, mdogo wangu anaanza kazi dukani Mtaa wa Kongo. Atakuwa anatoka saa 1 usiku na kutembea hadi kituo cha mwendokasi Gerezani. Apite upande gani wa barabara? Na simu ikikwapuliwa, aanze na nini?

Kapwani: Ashike kulia. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo akiwa kulia anakutana nayo uso kwa uso, na pikipiki inayosogea ukingoni ataiona mapema. Mkoba ukae bega la upande wa maduka, aubane kwapani. Mkanda asiuvushe shingoni wala asiuzungushe mkononi: pikipiki ikivuta, anaburuzwa nao. Akivutwa aachie.

Mama Tunu: Kulia peke yake hakutoshi, mkuu. Bodaboda wanapita kinyume, hata juu ya njia ya waenda kwa miguu. Muhimu zaidi ni simu isionekane. Akipigiwa, aingie ndani ya duka ndipo aongee. Spika za masikioni avue, maana asiposikia injini nyuma yake amekwisha. Kwenye msongamano hatari ni nyingine: mmoja anakusukuma, mwenzake anachomoa. Simu ikae mfuko wa mbele, mkono juu yake.

fundi_simu: Leo hii abonyeze *#06# na kuandika IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenye karatasi, simu ya laini mbili ina IMEI mbili, aandike zote. Kisha aweke PIN ya laini, si ya skrini tu. Mwizi huchomoa laini, akaitia kwenye simu nyingine na kupokea SMS za kubadilisha nywila. PIN ya mwanzo asiibahatishe: akikosea mara 3 ataombwa PUK (namba ya kufungulia laini) ya tarakimu 8.

Akiibiwa, kwanza aazime simu, apigie huduma kwa wateja wafunge laini na akaunti ya pesa. Polisi baadaye, akachukue RB (namba ya taarifa ya wizi), halafu aombe mtandao uzifungie IMEI. Wengi hukimbilia kituoni kwanza, huku laini bado iko hewani.

mdau_ilala: Asanteni sana. Na kupiga kelele za "mwizi"?

Mama Tunu: Aombe msaada, ataje rangi ya pikipiki na namba kama ameiona. Asimnyooshee kidole mtu asiye na hakika naye. Watu wakishaanza kupiga hawasikilizi tena, na anayeuawa anaweza kuwa mpita njia. Polisi wa dharura ni 112.