Naomba ushauri: boksi la tarantula na kiangazi cha Lubumbashi

Salamu wakubwa. Nafuga tarantula (buibui mkubwa) aina ya Hysterocrates gigas, mchimbaji wa Kameruni, anayetaka udongo wenye unyevu. Boksi ni la plastiki, udongo sentimita 20, matundu ya milimita 3 kwenye kifuniko tu. Nikiyaziba kwa skochi, kuta zinatoa jasho na ukungu unaota kwenye mabaki ya mende anaowala. Nikiyafungua, udongo unakauka upesi kwa kiangazi hiki. Kunyunyiza ni kazi bure: juu panalowa, chini pakavu. Nafikiria kupitisha mililita 200 za maji kwenye bomba la pembeni hadi chini, halafu kutoboa ubavuni, upande mmoja karibu na udongo, wa pili juu, hewa ipite. Matundu 10 kila upande yanatosha? Kipimo cha unyevu cha kifunikoni sikiamini, hakisomi shimoni.