Toyota IST au Passo, zote za mkononi, bajeti milioni 10: tupeane uzoefu

Chanika Ndani: Wakuu, habari za muda huu. Nina milioni 10, na humo humo itoke ya kubadilisha umiliki na bima. Nimeona gari mbili: Passo cc 990, usajili namba DK, anataka 8.2, na IST cc 1290, namba DD, kashuka mpaka 9.5. Nakaa Chanika, kazini Posta, mara moja moja naenda Morogoro. Nataka aliyemiliki aseme. Na msiniambie niongeze hela nichukue Rumion.

Fundi Spana: Hiyo Passo ni pistoni tatu. Ikiwa imesimama inaunguruma tu (sailensa), inatetemeka kidogo, watu wanakuja gereji wanadai maunti, yaani mipira inayoshika injini, zimekufa. Zingine kweli zimekufa, ila nyingi ndivyo zilivyo. Halafu zote mbili zinatumia cheni. Muuzaji akikwambia kabadilisha mkanda wa taimingi juzi, jua hata gari yake haijui.

Nenda asubuhi na mapema, uguse boneti. Ukikuta ya moto kaiwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Unataka uisikie ikiwaka na baridi, uone moshi. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Haidroliki ya gia boksi nayo ichungulie: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, aga kwa heshima.

Mama Wawili: Passo ninayo tangu mwanangu yuko chekechea, sasa yuko la nne. Kwa foleni ya Posta mafuta hutalia. Buti ndiyo hamna, gunia la mkaa na begi moja imejaa. Morogoro inafika bila shida. Ila tulipoenda Iringa watu wazima wanne, mlima Kitonga nilizima AC nikatulia nyuma ya lori, na wala sikuwa na ubavu wa kulipita.

Kaka Mkubwa: Mimi ni IST. Spea kwenye maduka ya Gerezani huzungushwi, na siku ukiitangaza madalali wanapiga simu hata hujanywa chai. Nimeibiwa saiti mira, nikanunua nyingine, mpaka leo nahisi niliuziwa ya kwangu.

Uangalie tu isije ikawa ilikuwa teksi. Niliwahi kuonyeshwa moja mileji inasoma 87,000, lakini kiti cha dereva kimelala, usukani unang'aa, mpira wa pedali ya breki umelika upande. Mileji inarudishwa, mpira haurudishwi. Nikaondoka.

Mvita: Huku kwetu Kenya gari iliyozidi miaka minane hairuhusiwi kuingizwa, kwa hivyo IST za kwanza twanunuana wenyewe kwa wenyewe. Yangu ni ya 2006, yanipeleka Malindi na kurudi bila neno.

Chanika Ndani: Asanteni. IST ndiyo imekaa moyoni. Sema kadi ya gari ina jina la mtu mwingine, muuzaji anasema huyo ndugu yuko Dodoma, atakuja kusaini tukishamalizana.

Mama Wawili: Hapana baba.

Kaka Mkubwa: Mkuu, nami ni wa IST, lakini hapo hapana. Aje kwanza na kitambulisho chake, msainiane kwa mwanasheria, mwende wote TRA. Na namba ya gari uicheki kama ina deni la faini za trafiki, maana linabaki kwenye gari. Akisema huyo ndugu ana dharura, kamwone mwenye Passo.