Eti "subiri masaa 48"! Nukta moja imetukatia barua pepe tangu Ijumaa

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha hapa Dar, watu watano tu. Nyaraka za meli, ankara, kila kitu kinapita kwenye barua pepe. Ijumaa hawa jamaa wanaotutunzia domeini (jina letu la mtandaoni) wakatuhamishia barua pepe kwenye seva mpya. Jumamosi kimya, nikasema ni wikiendi. Jumatatu mteja wa Lubumbashi ananipigia anafoka, barua zake zinarudi, na kontena lake liko bandarini, siku za bure zimeisha, storeji inahesabu kwa dola.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Ndugu mteja, DNS huchukua masaa 24 hadi 48 kusambaa, tafadhali subiri." DNS ni daftari la majina ya mtandaoni, kusambaa kwenda wapi? Hii ni harufu ya pilau? Kinachosubiriwa ni TTL, muda ambao seva za wengine zinakaa na jibu la zamani. Kosa likiwa kwenye faili lenu, hata mwezi nikisubiri litakuwepo.

Nikaendesha mwenyewe dig, programu ya kuuliza seva za DNS (jina la domeini nimebadilisha):

10 mail.jinaletu.co.tz.jinaletu.co.tz.

Mmeona jina lilivyojirudia? Fundi kaandika MX (rekodi inayotaja seva ya kupokea barua pepe) kwenye faili la zoni, yaani faili la rekodi za domeini, bila nukta mwishoni, na BIND, programu ya seva yao ya DNS, ikikuta jina halina nukta hulibandika jina la zoni kwa nyuma. Somo la siku ya kwanza hilo! Angeendesha named-checkzone, zana ya kukagua faili hilo, ingemwambia palepale kwamba jina hilo halina anwani.

Nikawatumia picha ya skrini. Jioni wakajibu "tumerekebisha". Jumanne barua za Mwanza zinaingia, za Lubumbashi bado zinarudi. Napiga tena, dada wa watu ananiambia kwao inasoma vizuri, nifute kashe ya kompyuta yangu. Kashe yangu inahusikaje na barua inayotumwa na mtu aliyeko Kongo?

Ikabidi niulize seva zao za DNS moja moja: ns1 ndiyo kuu, ns2 hunakili kutoka kwake. ns1 ina nukta, ns2 haina. Namba ya SOA, yaani namba ya toleo la faili, kote ni 2024090601, ileile ya Ijumaa. Yaani kaweka nukta, akasahau kupandisha namba. ns2 huangalia namba hiyo tu. Isipopanda, haivuti kitu. Na BIND huwa inaandika onyo kwenye logi kwamba namba haijabadilika, sijui nani huwa anasoma hizo logi. Na kwa TTL ya sekunde 86400, anayeangukia ns2 anakaa na jibu bovu siku nzima.

Leo Jumatano nimewaandikia yote haya, mpaka namba ya kuweka nikawapa. Saa nne wamefunga tiketi: "Limetatuliwa." Nimeuliza ns2 sasa hivi, jina bado linajirudia.

Nahama. Mwenye kujua kampuni inayokuachia uhariri rekodi zako mwenyewe, njoo PM.